Tuta si Barabara: Kisa cha Waendesha Baiskeli katika Mashamba ya Mpunga ya Doho

Anayetaka kuendesha baiskeli kwa kujifurahisha huku mashariki mwa Uganda hukutana na tatizo lake kabla hajatoka mjini. Barabara ya Tororo, Mbale na Soroti ndiyo inayobeba mizigo iliyovuka mpaka Malaba kwenda kaskazini: Lira, Gulu, mpaka Sudan Kusini. Dereva wa trela mwenye safari ya siku kadhaa mbele yake hana haja ya kumpisha mtu aliyevaa kofia ya plastiki. Ukingoni mwa lami, pale palipo na ukingo, kuna boda, mbuzi, magunia ya mkaa na akina mama wa nyanya. Mwenye baiskeli ya kazi, yule anayebeba matoke au maziwa, hupita hapo kwa sababu hana pengine pa kupita. Anayetoka Jumamosi kunyoosha miguu anaweza kuchagua, na kundi ninalolisimulia hapa lilichagua Doho.

Doho ni skimu ya mpunga iliyoko wilaya ya Butaleja, katika bonde la mto Manafwa. Ilianza kujengwa katikati ya miaka ya 1970 kwa msaada wa Wachina, na ikakarabatiwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 katika mpango wa serikali uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ukubwa wake ni kama hekta 1,000. Maji huchepushwa mtoni yakaingia mfereji mkuu, yakagawiwa mifereji midogo, kisha vijifereji vinavyolisha majaruba. Upande wa pili kuna mifereji ya kutolea maji, inayoyarudisha bondeni yaelekee Mpologoma na hatimaye Ziwa Kyoga. Mifereji mikubwa ina matuta kulia na kushoto, na baadhi yake ina barabara ya huduma kando, ya udongo na maramu, iliyokusudiwa matrekta na watu wa skimu. Nchi ni tambarare, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, na Mlima Elgon umesimama upande wa mashariki. Kwa mtu aliyezoea kupanda Sipi, huko miteremkoni mwa Elgon, akihema, kukanyaga pedali saa nzima bila kubadilisha gia ni anasa.

Ndege nao ni wengi. Doho imo katika orodha ya maeneo ya Uganda yanayotambuliwa kuwa muhimu kwa ndege, na si ajabu kuwakuta korongo taji, ndege wa bendera yetu, wakitembea majarubani bila wasiwasi. Baiskeli ikija taratibu hawajali. Nimewaona watu wazima wenye vyeo vyao mjini wakishuka kwenye baiskeli na kunong'ona kama watoto walioingia msikitini kwa mara ya kwanza.

Kundi lenyewe ni la watu wa Mbale zaidi, pamoja na wachache wa Tororo na Malaba, na mara mojamoja wageni kutoka Bungoma, ng'ambo ya mpaka. Yumo Mgisu, Mteso, Mjapadhola, Mnubi, Mbukusu. Kiswahili ndiyo lugha yao bila mtu kukaa kikao kuamua hivyo. Hupakia baiskeli kwenye pikapu mpaka Nabumali ili kuikwepa barabara kuu, wanashuka hapo na kushika njia ya Butaleja hadi Kachonga, kisha wanaingia kwenye skimu. Kazi yangu ni kupanga njia na kuongoza wageni wanaozunguka Elgon kwa baiskeli. Niliitwa baada ya mambo kuharibika, niipitie njia upya na kusikiliza kila upande.

Kilichotokea ni hiki. Ilikuwa Aprili na mvua zilikuwa zimeshika. Barabara ya huduma ilikuwa na madimbwi, kwa hiyo kundi likaiacha, likapanda juu ya tuta la mfereji mmoja ambako njia ilionekana safi, likaenda kwa safu ya mmoja nyuma ya mwenzake. Karibu na mlango wa maji walimkuta mzee ambaye kazi yake ni kufungua na kufunga milango hiyo. Alikuwa amesimama katikati ya tuta, fimbo ameilaza njiani.

"Mzee, habari za kazi?"

"Kazi ndiyo hii mnayoikanyaga."

Wakamwambia wamepita hapo mara nyingi na hakuna aliyewahi kuwazuia. Akawajibu kwamba walipita udongo ukiwa mkavu. "Shukeni, vijana wangu, msukume mpaka barabara ile." Mmoja wao, mwalimu wa sekondari na mtu wa hoja, akamwonyesha kwa kidole mkulima aliyekuwa akija kwa mbali na baiskeli yenye magunia mawili kwenye keria. Mbona huyo anapita?

"Huyo akipasua tuta, kesho asubuhi yuko hapa na jembe. Wewe kesho uko Mbale."

Jambo lingeishia hapo. Lakini mmoja wa kundi, kwa nia njema kabisa, akauliza walipe kiasi gani ili wapite siku hiyo. Mzee hakujibu. Kijana aliyekuwa amekaa kando ndiye aliyetaja bei, mzee akiwa bado anatafuta maneno. Walilipa, wakapita. Safari iliyofuata walikuta kamba imefungwa mwanzoni mwa tuta, na vijana wengine, si yule wa kwanza. Mbele zaidi, kamba ya pili. Kufika adhuhuri walikuwa wakibishana kwa lugha tatu, na mzee wa milango ya maji hakuonekana popote.

Nilipofika nilikuta maelezo mawili yaliyokwisha kukomaa. Kwa kundi, wenyeji wamegundua pesa. Kwa wakulima, matajiri wa mjini wanaharibu mfereji halafu wanajigamba kwamba wamelipa. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili hayagusi penyewe.

Penyewe ni udongo. Wazo la kutembea na baiskeli kando ya mifereji limetufikia kutoka Ulaya, kupitia picha na video, na huko lina asili yake. Mifereji ya Uingereza ilichimbwa hasa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 kwa ajili ya mashua za mizigo, na mashua hizo zilivutwa kwa kamba na farasi aliyetembea ukingoni. Njia ya farasi ilikuwa sehemu ya mfereji tangu unachorwa: ilipaswa kuwa pana, ngumu, yenye kuhimili kwato siku nzima. Reli na malori vilipoua biashara ya mashua, njia ikabaki bila kazi, na watembea kwa miguu na wapanda baiskeli wakairithi. Shirika la hisani lililokabidhiwa mifereji ya England na Wales mwaka 2012 linatunza takriban kilomita 3,200 za njia za maji, na starehe ni sehemu ya kazi yake. Nchini Ufaransa, Canal du Midi, uliomalizika mwaka 1681 na wenye urefu wa kilomita 240 hivi kutoka Toulouse kuelekea Bahari ya Mediterania, siku hizi hupitiwa na watalii. Kule mizigo imekwisha, imebaki njia.

Mfereji wa Doho una mzigo wake bado, nao ni maji. Hapa hakuna pampu. Maji hushuka yenyewe, kwa hiyo mfereji wa kumwagilia lazima ukae juu kuliko mashamba unayoyalisha. Maana yake ni kwamba tuta ni ukuta. Kati ya maji yaliyojaa na jaruba la mtu lililo chini yake hakuna kitu kingine ila udongo ulioshindiliwa. Juu ya uso wa maji huachwa nafasi ya tahadhari, ambayo kwa mifereji midogo ya namna hii ni futi moja hivi au pungufu, ili maji yakipanda ghafla yasimwagike. Kilele cha tuta kinafanana na njia kwa sababu tu watu hukitumia kufikia milango.

Sasa pitisha hapo safu ya baiskeli udongo ukiwa umelowa. Gurudumu la kwanza linaacha alama, la pili linaizamisha, la kumi linakuwa limechimba mtaro mwembamba katikati ya kilele. Mtaro huo wenyewe si mkubwa. Sentimita tatu, nne. Ubaya wake ni kwamba unakusanya maji ya mvua, na maji hayo hayatiririki tena pande zote kidogokidogo. Yanafuata mtaro mpaka mahali palipoinama zaidi, yanatokea hapo kwa pamoja na kukata ubavu wa tuta. Usiku mvua ikinyesha mlimani na mfereji ukijaa, mkato huo ndio unaovuja wa kwanza. Panya na kaa wakiwa wamechimba jirani, tuta linapasuka. Walio chini wanafurikiwa na miche yao, walio mwisho wa mfereji wanakosa maji, na zamu ya maji ya wiki nzima inavurugika.

Hoja ya mwalimu kuhusu magunia inastahili jibu la haki, maana haikuwa ya kipuuzi. Baiskeli ya mkulima yenye magunia ni nzito kuliko baiskeli ya gia yenye mtu mmoja, na tairi za baiskeli ya mlima ni pana kuliko zile za kawaida. Kwa uzito peke yake, kundi si la kwanza kushtakiwa. Tofauti iko kwenye mwendo na wingi. Mkulima husukuma mzigo wake kwenye sehemu ya namna hiyo, au hupita peke yake. Kundi hupita wengi kwa dakika chache, gurudumu juu ya alama ileile, na hufunga breki kwa nguvu linapofika mlangoni ambako tuta hubana. Nilikagua sehemu tano zenye milango, na kila moja ilikuwa na kovu la breki, refu na lenye kina, upande walikotokea wao. Mahali pengine popote athari yao ilikuwa vigumu kuitenganisha na ya ng'ombe.

Halafu kuna tope, ambalo mtu wa mjini hawezi kulijua asipoelezwa. Manafwa hushuka kutoka Bududa, nchi ya miteremko mikali inayolimwa hadi juu na inayoporomoka. Machi 2010 kijiji cha Nametsi kilifukiwa. Oktoba 2018 mto Suume, unaolisha bonde hilohilo, ulishuka Bukalasi na mawe na magogo ukaua makumi ya watu. Udongo unaotoka huko haupotei. Unasafiri na maji, na sehemu yake huishia Doho, ndani ya mfereji. Mfereji ukijaa tope haupitishi maji ya kutosha, kwa hiyo wakulima wanauzoa, kwa mashine mahali inapopatikana na kwa majembe kwingineko. Tope lililozolewa hutupwa wapi? Juu ya tuta. Linakauka juujuu, linakuwa laini na sawasawa, na anayekuja na baiskeli anaona njia nzuri kuliko barabara ya huduma yenye mashimo. Ndiyo maana kundi lilipanda pale. Lilichagua sehemu mpya kabisa ya ukuta, ambayo bado haijashikamana.

Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi, na alikuwa sahihi kwa sababu ambazo hakupewa nafasi ya kuzieleza. Mimi ndiye niliyemfuata nyumbani siku ya tatu. Alinieleza yote haya kwa nusu saa akichora kwa kijiti uani, bila kinyongo. Alipofika kwenye habari ya kamba alikunja uso. "Wale si wa maji," akasema. Alimaanisha kwamba hawana kazi kwenye kamati ya watumiaji maji, wala hawatoi zamu ya kuzoa tope.

Hapa ndipo penye uzito wa kisa kwa maoni yangu. Pesa ilipoingia, swali lilibadilika. Mzee alikuwa akisema "si hapa, si leo", na njia nyingine ilikuwepo umbali wa hatua chache tu. Ada ikaligeuza jibu lake kuwa "ndiyo, kwa bei hii". Aliyelipa akajiona amenunua haki ya kupita. Aliyepokea hakuwa na mamlaka ya kuuza, na tuta likabaki na mtaro uleule ambao hakuna noti ingeuziba. Vijana nao wana lao. Mmoja aliniuliza kwa nini watu waje kufurahia mashamba ambayo yeye anafukuza ndege humo tangu alfajiri, waondoke, na senta ya kijiji isione hata shilingi. Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu ni kweli: kundi lilikuwa likija na maji yake, ndizi zake na mandazi kutoka Mbale.

Msimamo wangu katika kazi hii ni kwamba mgeni asilipie kupita. Alipie kitu anachopewa: mwongozaji, chai, chakula, mahali pa kuacha baiskeli, pancha iliyozibwa. Kupita ni ruhusa, na ruhusa hutolewa na wenye mamlaka nayo, inaweza kunyimwa mvua ikinyesha, na haina bei. Ukishaweka bei kwenye njia, kamba huzaa kamba. Nimeyaona hayo kwenye vijia vya maporomoko ya maji huko juu mlimani. Najua wenzangu kadhaa hawakubaliani nami. Wanasema ada ndogo iliyo wazi, yenye risiti, huondoa ugomvi. Huenda mahali penye lango moja. Doho haina lango moja. Ina njia za kuingilia pande zote, kila moja na vijana wake.

Kuna jambo lingine ambalo kundi halikulizingatia, ingawa halikuleta ugomvi siku ile: barabara ya huduma haina magari, lakini haiko wazi. Wakati wa mavuno, yaani karibu Juni na Julai, na tena mwisho wa mwaka, mpunga huanikwa juu ya maturubai kandokando yake, wakati mwingine katikati. Mahali pengine pakavu na bapa hapatikani. Anayepita hapo na baiskeli akarusha mchanga juu ya Supa ya mtu, mpunga unaopendwa sokoni, anamharibia bei kwa mnunuzi. Kabla ya mavuno, punje zikiwa na maziwa, watoto na akina mama hukaa shambani tangu kunakucha kufukuza ndege, na huvuta kamba zenye makopo kutoka mti hadi mti. Baadhi ya kamba hizo hukatiza njia kwenye kimo cha shingo ya mtu aliyeketi juu ya baiskeli. Nilipoziona nilifikiria kofia za plastiki ambazo kundi linajivunia. Hazisaidii chochote dhidi ya kamba ya nailoni. Siku za kupuliza dawa, vilevile, hakuna raha ya kuvuta pumzi kwa nguvu katikati ya majaruba.

Tulikutana chini ya mwembe: watu wa kamati ya maji, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), wawili wa kundi, mmoja wa vijana wa kamba, na mzee. Kikao kilianza kwa Kinyole, lugha ya wenyeji wa Butaleja, kikaingia Kiswahili kwa ajili yetu, kikarudi Kinyole kila kilipopamba moto. Mwenyekiti alitaka barua. Watu wa mjini hupenda kucheka habari ya barua, lakini barua yenye mhuri ndiyo inayomwezesha mwenyekiti kuwaambia vijana kwamba hawa wanajulikana. Kundi likaandika barua.

Njia mpya ilitokana na swali moja ambalo mzee alilijibu karibu bila kufikiri: ni tuta lipi ambalo likichimbika haliumizi mtu? La mfereji wa kutolea maji, akasema. Nilipaswa kumbusu. Mfereji wa kutolea maji umechimbwa chini ya usawa wa mashamba ili uyakusanye yanayotoka majarubani, kwa hiyo ukingo wake hauzuii kitu. Gurudumu likikwangua udongo wake, udongo unaanguka mferejini, na hilo ni kazi ya kuzoa, si mafuriko. Kingo hizo zina majani mengi na hazipendezi macho kama matuta ya mfereji mkuu yenye maji yanayong'aa, lakini ndege wako hukohuko, kwa sababu vyura na konokono wako hukohuko.

Basi kundi linaingia kwa barabara ya huduma, linabaki humo hadi mgawanyo wa maji, linavuka kwenye kalavati na kufuata mfereji wa kutolea maji kwa sehemu kubwa ya mzunguko. Juu ya matuta ya kumwagilia hawapandi, kavu au bichi. Milangoni wanashuka na kusukuma. Mvua ikiwa imenyesha usiku, mzee au mwenzake hukanyaga barabara kwa kisigino karibu na mlango wa maji wa kwanza. Kisigino kikizama, hupiga simu kabla pikapu haijatoka Mbale. Kipimo hicho hakijaandikwa popote na sioni haja kiandikwe.

Kuhusu pesa, kamati iliteua vijana wawili wakulima wenye baiskeli zao kuwa waongozaji, kwa zamu. Mmoja wao ni yule wa kamba ya pili. Wanalipwa na kundi kwa siku, mkononi, bei ikijulikana kwa wote. Wanajua kamba za makopo ziko wapi wiki hiyo, nani anaanika, nani anapuliza dawa. Baiskeli zao hazina gia. Wageni wa Bungoma walishangaa kuachwa nyuma na kijana aliyevaa kandambili, na sidhani wameshapona. Chakula cha mchana huliwa senta, wali na kuku wa kienyeji au samaki, kwa mama mmoja ambaye huarifiwa Ijumaa ili asikamatwe bila kitu. Hizo ndizo shilingi ambazo yule kijana alikuwa akiziulizia.

Niliongeza sharti moja ambalo halikuwa na mjadala, la afya. Maji yanayokwenda polepole, yenye majani na konokono, ndiyo makazi ya kichocho, na mtu aliyechafuka kwa tope hutamani kwanza kuosha miguu na baiskeli mferejini. Asioshe. Senta kuna kisima cha pampu ya mkono. Wakulima huingia majini kwa sababu ndiyo kazi yao na hawana buti za kutosha. Aliyekuja kutembea hana udhuru huo.

Msimu wa kiangazi, Januari na Februari, ulileta tatizo la upande mwingine. Ardhi ni ngumu, kundi linataka kuja kila wiki, na ndio wakati ambao mifereji hufungwa na kuzolewa. Barabara ya huduma inajaa watu wenye majembe na rundo la tope mbichi. Nilishauri wasije kabisa wiki za kuzoa. Wao wakaamua vingine: wawili watatu walikuja na makoleo, wakafanya kazi nusu siku pamoja na wakulima, ndipo wakaendesha jioni. Nilikuwa na shaka na jambo hilo, kwa kuwa msaada wa nusu siku wenye kupigwa picha nyingi huchosha haraka pande zote mbili. Mpaka sasa wameendelea nalo, na mzee anawatania kwamba wanashika koleo kama usukani.

Yapo mabonde mengine ambayo watu huniuliza. Kasese kuna skimu ya Mubuku, maji kutoka mto Sebwe na Ruwenzori mbele ya macho, lakini Hifadhi ya Queen Elizabeth iko jirani na tembo hawasomi barua ya LC1. Kando ya Nile kuna njia ya reli ya zamani ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912 kutoka Jinja hadi Namasagali ili kufikisha pamba na abiria kati ya mto na ziwa. Tuta la reli halizuii maji ya mtu, kwa hiyo maswali yake ni ya ardhi na umiliki, na yanahitaji kisa chake. Yeyote atakayechukua mpango wa Doho na kuubandika kwenye mojawapo ya hizo atakuwa amekosea kwa namna mpya.

Kilichobaki Doho ni kipande cha kutoka Nabumali hadi Kachonga. Si njia ya malori makubwa, lakini pikipiki na Fuso za mpunga huipita kwa kasi, na wakati wa kiangazi vumbi halikuachi uone mbele. Hakuna mfereji wa kuufuata hapo. Kundi limeanza kupeleka pikapu mpaka Kachonga penyewe, jambo linaloongeza gharama ya mafuta na kuwaudhi wale wanaosema kwamba baiskeli inayopandishwa garini si safari ya baiskeli. Mimi niko upande wa pikapu. Mwalimu yuko upande mwingine, na Jumamosi mbili zilizopita alitangulia peke yake kutoka Mbale kwa barabara kuu, akafika salama, amejaa vumbi, akiwa na hoja mpya.